Kamba Mguuni

Tetea wa kwanza nilimnunua stendi ya Makambako,
kichwa chini, miguu juu, mbawa zimemlegea,
mguuni kamba ya katani.
"Usiifungue kabla ya siku saba, dada," alisema muuzaji.
"Ukimwachia mapema atakwenda kuitafuta nyumba yake."
Nikacheka peke yangu garini.
Mimi nilikuwa na miezi minne Njombe,
nimehamishwa kutoka Pangani kwa barua ya mistari mitatu,
na kila alfajiri basi la Dar likipiga honi barabara kuu,
roho yangu ilikuwa inashika begi.

Banda nililijenga kwa mabanzi ya msonobari,
bati mbili, mlango mmoja,
na mlango nikauelekeza kulekule upepo unakotokea.
Fidea Mligo alisimama kwenye uzio akatazama.
Hakusema neno.
Akaenda, akarudi na gunia na nyundo,
misumari minne ameibana midomoni,
akaziba, akageuza, akatandaza maranda,
kisha akaniazima mayai kumi na moja.
"Kuazima," alisisitiza. "Siyo kukupa."

Mimi ni muuguzi wa wazazi.
Najua kuhesabu majuma arobaini.
Sikujua kungoja siku ishirini na moja:
kwenda usiku na tochi,
kuinama, kuona jicho moja la manjano
likiniambia, toka.

Wakatoka vifaranga wanane.
Ikatoka na Juni nayo, na baridi yake isiyo na adabu,
umande ukaganda majanini ukawa chumvi.
Asubuhi moja nilimkuta mmoja nje ya mbawa za mama,
amelala ubavu, baridi kama kijiko.
Sikufikiri. Nikamtia kifuani, ngozi kwa ngozi,
kama tunavyowaelekeza mama wa watoto njiti,
nikakoroga uji kwa mkono mmoja,
nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza.
Saa moja na robo, ndani ya sweta,
kitu kikanidonoa.

Wengine sikuwaokoa.
Kicheche alichukua wawili, akaacha kichwa cha mmoja,
kana kwamba ananipa risiti.
Mwewe alichukua wa tatu mchana kweupe
nikiwa nimesimama palepale na ufagio.
Siku ya chanjo ya kideri,
Otmari wa Fidea aliwashika mmoja mmoja,
mimi nikadondosha tone jichoni,
naye akiwapa pole kwa Kibena, kila mmoja pole yake.
Nimechanja watoto wa nusu ya wilaya.
Mkono wangu haujawahi kutetemeka vile.

Walibaki watano. Nikapiga hesabu ya mayai:
matano kwa siku, trei kwa wiki,
deni la Fidea, soda ya Otmari, labda hata pazia.
Mwezi wa Oktoba wanne kati yao wakawika.
Fidea alicheka mpaka akashika nguzo.
"Jirani, wewe umefuga kwaya!"

Lakini yule wa tano, yule wa sweta,
alikuwa tembe, mwembamba, mwenye makuu,
na Jumanne moja nilikuta kwenye maranda
yai dogo kama kiazi cha mbegu,
lina uzi wa damu, lina joto bado.
Nililipeleka kwa Fidea kwa mikono miwili.
Akaligeuza kwenye mwanga.
"Bado kumi," akasema, akaliweka kabatini,
kwenye bakuli la wageni.

Ile kamba?
Otmari ndiye aliyeniuliza.
Tukamtafuta yule mama tukamkuta chini ya mparachichi anachakura,
kipande cha katani mguuni, kifupi kama kidole,
kimeoza, hakijafungwa popote.
Sijui kilikatika lini.
Nilichukua mkasi, kisha nikauacha.

Leo alfajiri nimefungua mlango wa banda.
Mmoja, wawili, watatu.
Majogoo yanasukumana.
Basi la Dar limepiga honi barabara kuu,
likanipotezea hesabu.
Nimeanza upya: mmoja, wawili.